Mlango wa Uji

Abiria wa treni waliosimama Itigi walimjua Damari kwa pengo kabla ya kumjua kwa asali. Hakuwa na meno mawili ya mbele, ya chini, na alipoinua chupa zake kwenye dirisha la behewa akiita wateja, sauti yake ilipita pale katikati na kutoka na mluzi kidogo.

"Mama, asali yako imekung'oa meno?" kijana mmoja alimtania kutoka juu.

"Imechukua ya chini tu, baba. Ya juu nimebakiza ya kuwang'ata wanaoonja bila kununua."

Behewa zima lilicheka, chupa mbili zikanunuliwa. Mumewe Mathayo alikuwa amepunguzwa kazi ya reli pamoja na wenzake wengi, akaingia vichakani kutundika mizinga. Yeye alirina, Damari aliuza, na pengo lilisaidia biashara.

Hakulionea haya. Wako wanawake wenye mwanya katika meno ya juu, na watu huwasifia, lakini mwanya mtu huzaliwa nao. Meno ya Damari yaling'olewa kwao Manyoni alipokuwa msichana mdogo, kama walivyofanyiwa Wagogo wengi wa rika lake. Bibi yake alimlaza kichwa mapajani akamshika mashavu.

"Tulia. Huu ni mlango wa uji. Siku ugonjwa ukikufunga taya, utakula kwa hapa."

Na kweli, kaka yake Simoni alichomwa mguu na mti porini, taya zikamkaza kabisa. Naye alikuwa ameng'olewa; mama yao alimtilia uji kwenye pengo lake, tone kwa tone, mpaka taya zikalegea. Damari alikuwa amekaa pembeni akiangalia. Tangu siku ile moyo wake ulishika jambo moja: mdomo wenye nafasi ndio mdomo unaopona.

Hilo ndilo alilokuwa nalo moyoni siku mjukuu wake Urbano alipougua.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Beseni za plastiki, ndoo za plastiki, kandambili za kila rangi zilishuka na treni, na maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa mpaka mlangoni. Ndipo watu wakaanza kusema kwamba hata watoto sasa wanaota meno ya plastiki ndani ya fizi, na kwamba hayo ndiyo yanayowaharisha na kuwaua.

Urbano alikuwa mtoto wa Belinda, binti yake wa pekee aliyebaki nyumbani. Alikuwa hata kukaa bado. Aliharisha maji, akachemka mwili, akawa anatafuna vidole vyake usiku na mchana. Damari hakufumba jicho. Kila mtoto alipopumua yeye alihesabu, kila alipokaa kimya alimgusa.

Jirani yao Anastasia aliingia, akamfunua mtoto midomo, akabonyeza fizi kwa kidole.

"Haya, Mama Belinda. Si unauona weupe huu? Meno ya plastiki haya."

"Nampeleka hospitali ya mapadri," Belinda alisema.

"Mpeleke! Wamchome sindano, urudi umebeba kitenge kitupu. Mwenye meno haya akichomwa sindano haioni jioni."

Belinda alimgeukia mama yake. "Mama, wewe unasemaje?"

Damari alimwangalia mtoto. Macho yalikuwa yamezama, utosi umebonyea. Aliogopa hospitali, akaogopa kungoja, akaogopa zaidi ule weupe.

"Yatolewe," alisema.

"Fizi zake laini, mama."

"Na mimi nilikuwa mdogo. Nilikufa?"

Walivuka reli kwenda kwa mzee aliyejulikana kwa kazi hiyo. Mzee alitoa spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha, akaifuta kwenye shati. Damari ndiye aliyemlaza Urbano mapajani na kumshika mashavu. "Tulia, baba, tulia," alimwambia. Belinda alitoka nje akaziba masikio.

Mzee alimwekea Damari vitu vinne kiganjani. Vilikuwa vyeupe, laini, kama watoto wa nyuki ndani ya sega. Alivibonyeza kwa kidole gumba vikapondeka. Plastiki haipondeki hivyo. Aliliona hilo, akakunja kiganja.

Kuhara kulikoma. Anastasia alipita akisifiwa na kujisifu, na Damari alirudi stesheni na chupa zake. Wiki ilikuwa haijaisha Urbano alipokataa ziwa. Midomo yake ilivutika pembeni kama anayecheka, na sauti haikutoka.

Damari aliijua ile sura. Alikuwa ameiona kwa Simoni.

Alikamua maziwa ya Belinda kwenye kijiko, akatafuta upenyo. Fizi zilikuwa zimebanana, juu na chini, ngumu kama mbao. Alijaribu kwa kidole, akajaribu pembeni, kwenye vile vitundu vyekundu alivyoviruhusu yeye, navyo havikuelekea popote. Maziwa yalimwagika kidevuni, yakalowesha shingo.

"Mama, mpitishie!" Belinda alilia. "Si ulisema unajua!"

Wakakimbia naye hospitali. Muuguzi alimchungulia mdomoni, akainua kichwa.

"Nani amemchimba mtoto huyu?"

"Mimi," Damari alisema.

Urbano alifariki treni ya jioni haijapita.

Belinda hakumgombeza mama yake, si msibani, si baadaye. Alimsalimia kila asubuhi, akamtengea chakula. Alipojifungua tena, mtoto wa kike, Rahel, alimlaza upande wa ukutani, yeye mwenyewe akalala katikati. Damari alikaa ukingoni mwa mkeka, akimtazama mjukuu ambaye hakupewa kumpakata.

Siku Rahel alipochemka, Anastasia alipiga hodi. "Mmemwangalia fizi?"

Damari alisimama mlangoni akauziba. "Pita zako, Anastasia."

Nyuma yake Belinda alikuwa tayari amembeba mtoto mgongoni. Alipita pembeni ya mama yake akashika njia ya hospitali. Damari alichukua chupa ya uji akamfuata. Alipoongeza mwendo ili amkaribie, Belinda naye aliongeza. Damari akapunguza, akaiacha ile nafasi kati yao ilivyo, macho yake kwenye kichwa kidogo kilichokuwa kikitikisika ndani ya kitenge.