Mguu Mmoja, Foleni Nzima

Juzi, kwenye duka la dawa Komarock, mwanamke aliyekuwa mbele yangu aliomba dawa ya kuchua mguu uliovimba.

"Mmoja ama yote miwili?" muuzaji akauliza.

"Mmoja."

"Unameza tembe za kupanga uzazi?"

Mwanamke akageuka, akamwona mama wa kanisa lake nyuma yangu. "Hapana," mdomo ukasema, kichwa kikakubali.

Muuzaji akarudisha dawa rafuni. "Usichue. Homoni ya kike kwenye hizo tembe inaweza kufanya damu igande kwenye mshipa wa mguu, na ukichua, donge linaweza kung'oka liende mapafuni. Enda hospitali saa hii."

Sisi wengine tukasoma chupa za dawa ya kikohozi kama watahiniwa.

Mama akamshika mkono. "Twende nikupeleke. Mimi nilizimeza miaka tisa. Mzee wangu mpaka leo anadhani Mungu ndiye alisema watoto watatu wanatosha."