Kanda ya Mchungaji Mwema

Watoto wa shule ya Jumapili pale Eldoret niliwachagulia katuni mimi mwenyewe, na sikuona wa kunishinda kwa kazi hiyo. Enzi zile za chama kimoja televisheni zilikuwa za kuhesabika mtaani. Kanisa liliazima seti na deki ya kuchezea kanda za video kwa mwenye duka jirani, nami nikaenda kwake kutazama kila kanda kwanza. Ya shetani mwenye mapembe niliitupilia mbali, maana mtoto wa miaka minne akishamwona huyo haendi choo peke yake mwezi mzima. Ya Nuhu nayo nikaikataa: watu wanazama huku muziki wa harusi unapigwa! Nikachagua ya mchungaji mwema.

Wazee wa kanisa hawakutaka katuni kabisa. Mchungaji wetu, aliyeomba uhamisho kutoka kanisa dogo la kijiji cha Ziwa mwaka huo huo, ndiye aliyeachiwa uamuzi, akaja kuketi benchi la nyuma. Angekataa, seti ingerudi dukani na watoto wangu wangebaki na kukariri aya wasizozielewa.

Kanda ilikuwa ya Kiingereza. Niliizima sauti, nikasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mbwa mwitu akatokea, na kibarua aliyeachiwa kondoo akatupa fimbo, akatimua mbio. Utamu wa hadithi ulinizidi, nikasahau kusema ni kibarua. Nikapaza sauti: "Oneni, mchungaji anatoroka!"

Watoto wote wakageuka kumtazama mchungaji. Kwao neno hilo lilikuwa la mtu mmoja tu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Msichana mdogo, ambaye kwao wanafuga, akamuuliza bila uoga: "Mchungaji, sasa kondoo uliachia nani?"

Hakucheka. Kanda ilipoisha, akanijia mbele.

"Mwalimu, hii video endelea nayo. Nitaongea na wazee. Lakini Sunday ijayo sema mchunga kondoo, usiseme mchungaji."

"Mchungaji, si ni kitu kimoja?" nikamjibu. Sikuwa mtu wa kurudi nyuma, hata kwa aibu.

Akainamisha kichwa.

"Ziwa hawajapata mtu mpaka leo," akasema. "Basi usibadilishe."