Jiko Lisilo na Bati

Tarehe 3 Mei 1987, siku ya Jumapili, mwanamume ambaye kijiji kizima kinamwita Bati alipigilia msumari wa mwisho kwenye paa la nyumba yake. Tarehe hiyo ipo mpaka leo, kwa rangi nyekundu, kwenye boriti ya sebuleni, na anayetaka kuhakikisha ainue kichwa tu, kwa sababu nyumba haina dari. Bati hakutaka dari. Alisema fundi anayefunika kazi yake kwa dari ana aibu anayoificha. Kwa miaka mingi wageni wake walikaribishwa kiti, wakakaribishwa chai, kisha wakakaribishwa kutazama juu, misumari ilivyojipanga kama askari wa gwaride.

Baada ya nyumba yake aliezeka za wengine. Mtu mmoja alipoezeka kwa bati, jirani yake hakulala mpaka naye apate, na Bati alipanda ngazi kijiji kizima. Zahanati ni yake, shule ni yake, duka ni lake, nyumba ya ibada ni yake, kwa maana kwamba kila mvua inapopiga pale inapiga kazi ya mikono yake. Kufikia siku magoti yake yalipogoma kupanda ngazi, upande huu wa mto hapakuwa tena na paa la nyasi, isipokuwa la jiko moja. Watu walimshukuru, na walikuwa na haki. Nyasi zilivuja, zilishika moto, zilifuga panya na nyoka.

Kasoro ya bati ni moja, na kila anayelala chini yake anaijua. Mvua ikishika, nyumba inageuka ngoma na waliomo wanakuwa ndani ya ngoma. Wenye familia wanaichukulia kama likizo: watoto hawasikiki, mke na mume wanaahirisha ugomvi wao, kila mtu anajifunika shuka. Anayeishi peke yake hana wa kuahirisha naye kitu.

Jumapili moja, miaka mingi baada ya ile ya msumari wa mwisho, mvua ilianza kabla ya kupambazuka. Bati aliamka, akatega ndoo chini ya mfereji wa paa, akaingiza kuni ndani, akawafungulia kuku. Kuku walichungulia, wakaona mambo yalivyo, wakarudi. Alichemsha chai, akainywa, akaosha kikombe, akakifuta, akakirudisha mahali pake, na asubuhi ilikuwa bado mbichi. Shati alilofua juzi lilining'inia kwenye kamba sebuleni likinuka unyevu. Redio aliizima, maana kuiacha ikiongea ilikuwa ni kumaliza betri bure. Alikaa dirishani akitazama njia, ambayo sasa ilikuwa kijito chekundu. Hakupita mtu. Hakupita hata mbwa.

Alikuwa anangoja simu ya binti yake, mtoto wake wa pekee, ambaye ni fundi wa lifti mjini. Jumapili iliyotangulia, siku ya jua, binti alimweleza kwamba amepata kazi nchi ya mbali, mkataba wa miaka miwili, na kwamba waajiri wanataka jibu Jumatatu.

"Mama angekuwepo nisingekuuliza," alisema. "Lakini uko peke yako, baba. Ukisema nibaki, nitabaki. Fikiria, Jumapili ijayo utaniambia."

Bati alifikiri juma zima, na jibu alilolipata lilikuwa neno moja: baki. Alilifanyia mazoezi akimenya viazi, alilifanyia mazoezi akipalilia. Alilisema kwa upole, akalisema kwa ukali kidogo, akaona la upole linafaa zaidi.

Simu ilipoita hakuisikia. Aliiona ikitetemeka mezani na kusogea polepole kuelekea kopo la sukari.

"Haloo!"

Upande wa pili kulikuwa na mbu.

"Sema kwa nguvu!"

Mbu akaongeza nguvu. Bati akaingia chumbani, akajifunika blanketi kichwani pamoja na simu. Akatoka, akafungua kabati la nguo, akaingiza kichwa katikati ya makoti. Mzee wa miaka sabini na moja, nusu yake ndani ya kabati, akipiga kelele "Nini? Nini?" Kisha mbu akanyamaza, na baada ya muda simu ikatetemeka kwa ujumbe. Alivaa miwani.

"Baba nasikia mvua tu. Tafuta mahali penye utulivu, napiga tena saa sita. Usinijibu kwa meseji. Kwenye meseji wewe ni mwongo."

Hilo hakuweza kulikana. Meseji zake zote zilikuwa pacha: Mimi mzima, hakuna shida, kazi njema. Aliituma hiyo siku aliyoteleza bafuni akakaa sakafuni mpaka mchana, na aliituma hiyo hiyo wiki aliyolala na homa.

Basi akafikiria mahali penye utulivu. Kwa mwenye duka? Bati. Kwa mwalimu? Bati, tena pana kuliko lake. Zahanati, bati. Alikipitia kijiji chote kichwani, paa baada ya paa, na kila alipofika alijikuta yeye mwenyewe juu ya ngazi, misumari mdomoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lilibaki lile jiko moja la nyasi, ng'ambo ya shamba la mahindi, na lilikuwa la shemeji yake, mjane wa kaka yake mkubwa.

Nyumba kubwa ya shemeji aliiezeka Bati. Lakini siku aliposogeza ngazi kwenye jiko, mwanamke yule alichukua kigoda, akakiweka mlangoni, akakalia. "Hapa hupandi," alimwambia. "Mvua ikinyesha nataka pahali pa kusikia mtu akiniita." Bati alicheka, na kwa miaka mingi alilitania lile jiko, akiliita kiota.

Utani ulikwisha miaka minne iliyopita. Mke wake Bati alikuwa mgonjwa, na alasiri moja ya mvua alimwita mumewe kutoka chumbani. Mumewe alikuwa sebuleni, hatua chache kutoka hapo, akitengeneza kiti. Shemeji, aliyekuja na chupa ya uji, ndiye aliyemkuta mgonjwa sakafuni, baada ya kujaribu kuinuka mwenyewe kutafuta maji. Mgonjwa alilichukulia kama kichekesho. "Nimekuita mpaka nikajiona kasuku," alimwambia mumewe. Shemeji hakucheka. Alimgeukia Bati, na kwa sababu ya paa ilibidi apige kelele: "Umemweka mtoto wa watu ndani ya debe!"

Mke alifariki miezi kadhaa baadaye, kwa ugonjwa ule ule. Daktari alisema hivyo na hakuna aliyesema vingine. Lakini tangu mazishi, Bati na shemeji yake walibaki na salamu za njiani. Habari, nzuri, kila mtu na jembe lake.

Bati alikunja suruali mpaka magotini, akaifunga simu kwenye mfuko wa plastiki, akachukua mwavuli wenye mbavu moja iliyovunjika, akatoka.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi hana jina?"

"Bati."

"Bati anaingia kwenye nyasi? Basi hii ni gharika kweli. Karibu. Vua viatu huko huko, usiniletee shamba lote."

Alikuwa amekaa karibu na moto, ungo mapajani, akichambua maharage. Hakuinuka.

"Nimekuja kuazima utulivu, shemeji," Bati alisema. "Binti atapiga simu. Kwangu hakusikiki kitu."

Shemeji alitupa punje mbovu motoni. Angeweza kusema mengi, na wote wawili walijua ni yapi.

"Debe," alisema.

"Debe," Bati akakubali.

"Haya, kaa. Angalia kigoda hicho, mguu mmoja mbovu. Fundi wake hajaonekana tangu msiba."

Bati akakaa kwa uangalifu. Juu yao mvua ilinyesha kwa nguvu ile ile, lakini kwenye nyasi ilisikika kama mtu anayetembea juu ya magodoro. Alisikia ukuni ukipasuka. Alisikia maharage yakianguka kwenye ungo, moja moja. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alikaa na mvua na bado akasikia mtu mwingine akipumua.

Simu iliita, na safari hii aliruka.

"Baba? Uko wapi? Mbona hakuna kelele?"

"Jikoni kwa mama yako mkubwa."

"Heh! Mmeanza kuongea?"

"Ameniazima utulivu."

"Na kigoda kibovu," shemeji akasema bila kuinua kichwa. Binti alimsikia, akacheka.

Bati alikuwa amesahau kicheko hicho, na jinsi kinavyokwama kidogo mwishoni. Kila msimu wa mvua sauti ya binti yake ilimfikia vipande vipande, naye alizoea kubahatisha vilivyobaki. Sasa ilikuja nzima. Binti alimweleza kuhusu jengo la ghorofa arobaini, lifti zake kumi na mbili, na chumba cha mitambo kilicho juu kabisa. "Baba, nitakuwa juu kuliko paa lolote ulilowahi kupanda, na sijapanda hata ngazi moja!" Alieleza kwa pupa, neno likikanyaga neno, kama alipokuwa mdogo akirudi mbio kutoka shule. Kisha akajizuia. "Lakini neno ni lako."

Bati alisikia wazi kabisa kwamba binti yake ameshikilia pumzi.

"Mimi mzima," akasema. "Hakuna shida."

"Hiyo ni meseji, baba."

Mikono ya shemeji ilisimama kwenye ungo. Bati alitazama moto.

"Haya," akasema. "Mvua ikinyesha naogopa. Nikianguka hakuna atakayenisikia. Naacha mlango wazi, maji yanaingia, nayafuta, naacha tena wazi. Ziko siku sauti yangu ya kwanza naisikia jioni, nikiwafukuza kuku. Wiki nzima hii nilikuwa najiandaa kukwambia ubaki."

Pumzi ya upande wa pili ikashuka.

"Basi nitabaki," binti akasema.

Aliyasema kwa heshima, bila kinyongo, na kila kilichokuwemo kwenye sauti yake dakika moja kabla hakikuwemo tena. Chini ya bati Bati angelipata lile neno peke yake, na angefurahi.

"Ngoja," akasema. "Umeniuliza hali, nimekujibu hali. Uamuzi ni mwingine. Uamuzi ni nenda."

"Unanidanganya tena."

"Nimekwambia naogopa. Mwongo gani anaanzia hapo?"

Binti alilia kidogo, akapenga kamasi. "Na ukianguka?"

Shemeji akanyoosha mkono, akaichukua simu. "Mwanangu, mimi hapa. Akianguka mvua ikinyesha, hata mimi simsikii, nisikudanganye. Mvua ikikatika nitapita nione kama amefungua dirisha. Zaidi ya hapo siahidi, na mimi magoti yangu ni kama ya kwake."

"Ahsante, mama mkubwa."

"Usinishukuru. Nenda kafanye kazi, na ule."

Bati aliifunga simu kwenye mfuko wake, akaaga. Shemeji alimwambia angoje mvua ipungue. Alijibu kwamba kuku hawajala. Mahindi yalikuwa yamelazwa na upepo, na ilimbidi azunguke. Alipofungua mlango wa nyumba yake kelele zilimpokea pale pale kizingitini. Alifuta maji sakafuni, akawapa kuku chakula, akakaa. Alisema kitu kwa sauti, labda lile neno, baki, ili ajaribu. Hakuisikia sauti yake mwenyewe.

Mvua haikukatika siku hiyo. Jumatatu asubuhi binti aliwajibu waajiri wake kwamba anakuja. Anasafiri Alhamisi. Alitaka kwanza kuja nyumbani kuaga, lakini daraja limefunikwa na maji na magari hayapiti, kwa hiyo ataondoka bila kuonana na baba yake.