Mbuzi Aliyepewa Uheshimiwa Milanzi

Sogeza kigoda karibu na jiko, msikilizaji wangu, hasa kama nawe ulikulia Ufipa enzi zile baridi ya Juni ilipotupasua midomo hadi tukawa tunacheka kwa uangalifu. Nataka nikueleze, polepole, jinsi sisi watoto wa Milanzi tulivyogawana ukubwa.

Maneno tuliyapata kwenye redio ya Baba: maarufu, mashuhuri, mheshimiwa, mtukufu. Hakuna aliyetufafanulia, kwa hiyo tukayapanga wenyewe, na mpaka leo naona tuliyapanga vizuri. Maarufu ni mtu anayejulikana mpaka bombani, tulikochota maji. Mashuhuri anajulikana hata ng'ambo ya bomba, na wasiotaka kumjua pia wanamjua. Mheshimiwa akifika, waliokaa wanasimama na waliosimama wanachuchumaa. Utukufu hatukumpa mtu, tuliogopa radi. Mimi nilikuwa maarufu kwa kumeza ugali wa ulezi ungali unafuka moshi, bila kutoa chozi. Jirani yetu mmoja alikuwa mashuhuri kwa kuanguka na gurudumu lake la kuchezea kwenye mtaro uleule kila siku.

Mdogo wangu Edita hakuwa na cheo chochote. Alikuwa na mbuzi. Alimlea kwa chupa tangu mama yake mbuzi alipokufa, na beberu yule akawa anamfuata mpaka mlangoni mwa darasa, anasimama pale akitafuna kama mkaguzi wa elimu.

Basi Baba akatangaza kwamba mjomba wetu anakuja kutoka Mwimbi, na mbuzi wa kumkaribishia ni huyo. Edita hakupiga kelele. Alikaa chini, akamkumbatia mbuzi shingoni, akakataa hata samaki wetu mgebuka wa kukaanga, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kukataa mgebuka. Tukaogopa. Tukaitisha kikao nyuma ya choo, hoja ikiwa moja tu: je, mwenye hadhi huchinjwa? Palepale tukampandisha mbuzi, tukamvusha umaarufu, tukamvusha umashuhuri, akawa Mheshimiwa.

"Baba, huwezi kumchinja Mheshimiwa," Edita akasema.

"Mheshimiwa naye ana supu, mwanangu," Baba akajibu, akiendelea kunoa kisu.

Hatukuwa na njia nyingine. Tukamzungusha mbuzi uani tukipaza sauti: "Mheshimiwa amefika! Mheshimiwa amefika!" Bibi, mama yake Baba, alikuwa ndani. Macho yake yalikuwa hafifu, lakini adabu yake ilikuwa nzima. Unajua sisi Wafipa: mkubwa akifika unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unasubiri aitikie. Bibi akatoka akijifunga kitenge vizuri, akachuchumaa mbele ya kile kivuli chenye ndevu, akapiga makofi.

Mbuzi akanyamaza kidogo, kama wakubwa wanavyofanya. Kisha akasema, "Meee."

"Mama," Baba akasema kwa upole, "huyo ni mbuzi."

Bibi akasogeza uso, akatazama. Nadhani aibu ilimjia, halafu ikaghairi. "Nimeona. Lakini nimeshamwamkia, naye ameitikia. Sasa ni mgeni wangu. Utanilisha nyama ya mgeni?"

"Mama jamani! Mgeni ni shemeji yangu, anatoka Mwimbi!"

"Shemeji yako hajafika. Huyu amefika."

Baba akatazama kisu, akatutazama sisi, akaenda kukata nacho kitunguu.

Mjomba alipofika akaelezwa yote. Akafikiri, akachuchumaa, akampigia mbuzi makofi, ndipo akakaa kula maharage. "Nimeshaamkia wakubwa wengi," akasema, "ila huyu ndiye wa kwanza ambaye hajaniuliza nimemletea nini."

Tangu hapo hata mwenyekiti wa mtaa alipopita kwetu alimwamkia mbuzi kwanza, kwa kumwogopa Bibi. Beberu akazeeka akafa mwenyewe, na majirani wakaja kumpa Edita pole. Bibi akawapikia. Maharage, bila shaka.

Siku hizi Edita ana kijana, Deo, anayeishi mjini Sumbawanga. Juzi alinionyesha simu yake. "Mama mkubwa, mimi ni maarufu, ona wafuasi!"

"Bombani wanakujua?" nikamuuliza.

"Bomba lipi, Mama mkubwa?"

Kweli, siku hizi maji yako ndani. Ni mtoto mzuri, ana bidii, atafika mbali. Lakini jina la jirani wa ukuta wa pili halijui, naye jirani hamjui yeye. Zamani ili uwe mkubwa ilibidi mtu akunje magoti mbele yako, akuone, akusubiri uitikie. Sasa inatosha kidole gumba, na mwenye kidole yuko kitandani.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujawasha simu, toka uani. Chuchumaa, piga makofi taratibu, umwamkie wa kwanza utakayemkuta. Akiwa mbuzi, subiri aitikie.