Salamu ya Sajini

Kwamboka, muuza vitambaa mjini Kisii, hakuweza kumpita kiumbe bila kumsalimu. Hata mbwa wake, Sajini, alipata salamu yake kila jioni mlangoni pa nyumba yake kule Kiogoro: "Bwairire, Sajini! Umeshindaje, baba?" Na Sajini, aliyeshinda akimngoja kwa wasiwasi, alipandwa na wazimu. Aliruka, akabweka, akakojoa, akampaka matope hadi kifuani.

"Unamchochea wewe mwenyewe," daktari wa mifugo alimwambia. "Ingia kimya. Msalimu akishatulia."

Kwamboka alikasirika. Kumnyima mtu salamu! Lakini sketi yake mpya ilipochanika, alijikaza. Jioni hiyo aliingia mdomo kaufunga, macho kayaelekeza dirishani. Sajini aliruka, akamzunguka, akalialia kidogo, kisha akajilaza miguuni pake, tuli kama mkeka.

Kwamboka alifurahi moyoni, lakini akanyamaza kidogo zaidi ili somo likolee.

Mogaka, mumewe, aliyekuwa kochini akingoja salamu yake, aliinuka taratibu huku jasho likimtoka.

"Mama Duke," alimwambia mkewe kwa sauti ndogo, "ile sahani ya wageni iliteleza yenyewe."