Gigabaiti Thelathini na Tano za Bisibisi

Mimi ni mpiga chapa na meza yangu iko mlangoni, kwa hiyo hakuna upuuzi unaoingia ofisi hii bila kunipitia. Huu ulianza wiki ya mwisho ya Bisibisi.

Bisibisi ndiye fundi wetu wa kompyuta, miaka thelathini na moja kazini, na hata msalani haendi bila bisibisi mfukoni. Ijumaa alikuwa anastaafu. Mama yake, bibi wa miaka tisini anayeishi peke yake, alishaahidiwa kwamba Jumamosi mwanawe anarudi nyumbani moja kwa moja. Ilibaki sahihi tu ya mtunza stoo, kijana tunayemwita Bwana Mhuri, kuthibitisha kwamba hakuna kifaa kilichopotea.

Jumatatu Bisibisi alifunga diski mpya ya gigabaiti mia tano kwenye kompyuta ya masijala, ile kongwe inayonguruma. Bwana Mhuri akaja kukagua. Kioo kikasema: mia moja ishirini na nane.

"Mzee, mia tatu sabini na mbili ziko wapi?"

"Zimo humo humo. Mashine ni ya zamani, uwezo wake wa kuona unaishia hapo."

"Yaani zimejificha?"

Jamani! Akaichomoa diski, akaenda nayo jikoni, akaiweka kwenye mizani ya sukari. Akaleta nyingine mpya kutoka stoo, akaipima nayo. Uzito ule ule. Badala ya kutulia, ndiyo kwanza akaja juu: "Umetoa vya ndani ukajazia kitu kingine!"

Mimi mbavu sina. Bisibisi hakucheka, na hapo nikaona aibu, maana alikuwa ameshachomoa bisibisi yake, anaifungua mashine upya.

Siku tatu aliinamia ile mashine, akitafuta toleo jipya la ile programu ndogo inayoiamsha kabla ya kitu kingine chochote. Alhamisi akaipata, akaiweka, akawasha. Mia nne sitini na tano! Akanishika mkono kwa furaha kama mtoto.

"Bado thelathini na tano," akasema Bwana Mhuri.

Akaelezwa taratibu kwamba kiwandani wanahesabu kwa elfu moja, kompyuta inahesabu kwa elfu moja ishirini na nne, ndiyo maana namba zinapishana ila diski ni ile ile. Akasikiliza mpaka mwisho, hana hili wala lile.

"Kwa hiyo unakiri kuna hesabu mbili," akasema, akafunga kidau cha wino.

Ijumaa ikapita bila sahihi, na bila sahihi Bisibisi haondoki. Haki ya Mungu, nilitamani kumpiga na mashine yangu ya chapa.

Jumatatu iliyofuata mlango ukasukumwa kwa fimbo. Bibi mdogo wa umbo, mkavu, kanga mbili.

"Nani amemshika mwanangu? Jumamosi nilikaa mlangoni kutwa nzima!"

Bwana Mhuri akaruka kitini. "Shikamoo, bibi." Akamweleza yote: mia tano zimeingia, mashine haizioni zote, kwa hiyo kuna wizi.

"Marahaba. Hebu niambie, mjukuu wangu, umevaa shati?"

"Ndiyo, bibi. Jeupe."

"Mimi silioni. Naona kivuli tu kinapiga kelele. Sasa shati lako nani kaiba?"

Weee! Kijana akajishika vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Kisha akavuta ile fomu, akaandika kwa mkono wake, nami ndiye niliyeichapa baadaye: *Thelathini na tano zipo, ila hazionekani. Shahidi: mama mzazi.* Akagonga mhuri.

Bisibisi akampa bibi mkono, wakatoka. Nikawasikia kwenye ngazi za nje.

"Bado ngapi?"

"Tatu, mama."

"Naona moja."

"Ziko tatu. Nimekushika."