Sabuni ya Shimoni

Mtaani kwetu Kariakoo kila nyumba ilikuwa na shimo la choo, na ukimuuliza mtu nani humtapishia, anakujibu, “La kwetu halijai.” Uongo mtupu. Nyumba ya vyumba sita, kila chumba familia nzima, shimo lisijae, kwani lina mlango wa nyuma? Yalijaa yote. Gari la kunyonya uliliomba mwezi wa pili, ukaambiwa mwezi wa tisa kwamba halina vipuri. Basi tulimwita Chura, akaja akatapisha akaenda zake, na sisi tukatoka barazani tumekaza nyuso kama watu wasiojua choo ni nini.

Jina lake halisi ni Vitalis. Chura ni jina la kazi, kwa sababu watu wa kazi ile huingia shimoni wakasimama humo hadi kiunoni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, Mmwera wa Masasi, aliyekuja mjini kutafuta ukuli bandarini asiupate. Hakuna aliyempa mkono. Mimi mwenyewe, Zamzam muuza vitumbua, nilimwekea vitumbua vyake juu ya kipande cha gazeti ukutani, achukue mwenyewe. Nayasema haya mapema ili msije mkanionea huruma.

Mkewe Hyasinta alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Kila baada ya siku tatu ilibidi kioshwe na kufungwa upya hospitali, na Vitalis ndiye aliyempakia nyuma ya baiskeli ya kuazima, akamsukuma kwenda na kurudi. Mtoto hawakujaliwa, na ndugu mjini hawakuwa nao. Daktari alikwisha sema: kidonda kile kikikosa kusafishwa wiki mbili tatu, mguu utakatwa. Mtaa mzima ulilijua hilo.

Kazi yake aliijua. Kabla ya kuingia aliteremsha koroboi kwa kamba, apime hewa. Ikizimika, anakaa pembeni anasubiri, hata umtukane vipi haingii. Kando ya shimo bovu alichimba lingine, akahamishia uchafu humo, akafukia vizuri hata ukapanda mchicha juu yake. Sheria za afya zilikataza kufukia uani, ndiyo maana alikuja Ijumaa, wakati wanaume wako msikitini na mtaa umetulia. Na kamwe hakuliacha shimo tupu. Aliacha ndoo mbili chini.

“Hiyo ni chachu, dada Zamzam,” aliniambia siku moja. “Shimo ni tumbo. Lina wadudu wake wasioonekana, ndio wanaokula. Ukiwamaliza, linakufa. Ni kama wewe unavyobakiza unga wa jana kuumulia wa leo.”

“Koma!” nikamwambia. “Usinilinganishie vitumbua vyangu na mavi ya watu.”

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, sauti ya chini. Watu husema mavi ya kale hayanuki. Yeye alisema wasemao hivyo hawajawahi kuyafukua.

Nyumba niliyopanga ilikuwa ya Kitwana. Kitwana alikuwa na duka upande wa mbele, na ndiye aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Barua ya mgeni, barua ya msiba, barua ya foleni ya unga, zote zilipita mkononi mwake. Shimo lake lilikuwa la kisasa, la zege, vyumba viwili: cha kwanza uchafu unatuama, cha pili maji yanapita kwenda kunyonywa na mchanga. Alilijenga kwa majivuno, akawa anawaonesha wageni mfuniko wake.

Mwaka themanini na tatu, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, wenye maduka walichanganyikiwa. Redio ilikuwa ikisoma majina. Watu wakawa wanamwaga sukari mitaroni, wanatupa vitambaa vipya majalalani. Kitwana alikuwa na katoni ishirini na tatu za sabuni ya mche nyuma ya magunia, na sisi wateja wake tulikuwa na miezi minne tunafua kwa majani ya mpapai. Nilikuwa nimekwenda kwake mara ngapi? “Sabuni hakuna, Bi Zamzam, hata mimi mwenyewe naogea maji matupu.” Aliniapia kwa kaburi la mamaye.

Alfajiri moja nilimwona na mkewe wameinua ule mfuniko wa zege. Walizitosa katoni zote. Sikusema kitu. Mpangaji akisema, kesho ana godoro barabarani.

Wakaguzi walikuja, wakapekua, wakaondoka wakimsifu balozi. Lakini shimo halikumsifu. Wiki ya pili lilianza kutoa povu. Povu jeupe, zito, likapanda kwenye choo, likatambaa uani mpaka mlangoni kwangu, na nyuma yake ukaja uchafu mweusi wenyewe. Wadudu wa Vitalis walikuwa wamekufa wote. Nyumba ilinuka mpaka wapita njia wakavuka upande wa pili.

Kitwana akamwita Vitalis, Ijumaa ya wiki ile ile. Vitalis akateremka chumba cha kwanza, na badala ya uchafu akawa anatoa katoni zilizolowa, moja baada ya nyingine, anazipanga uani kimya. Kitwana alikuwa amejikunja kwenye ngazi, jasho linamtiririka. Siku hiyo hata msikitini hakwenda.

“Bwana Vitalis,” alisema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita bwana. “Wewe ni mtu mzima. Ulichokiona humu kinabaki humu. Chukua hizi ukazitupe mbali.”

“Balozi, mimi nikitoka shimoni sina mdomo,” Vitalis akamjibu.

Na kweli. Akalifufua lile shimo kwa ustadi wa ajabu: akaliosha, akaleta ndoo tatu za chachu kutoka shimo la nyumba ya jirani, akatukataza kumwaga maji ya kufulia humo siku ishirini. Siku ya ishirini na tano povu lilikuwa limekwisha na maji ya chumba cha pili yameanza kunywea. Kitwana akaanza tena kuwaonesha wageni mfuniko.

Lakini zile sabuni Vitalis hakuzitupa. Moyo haukumruhusu. Alizimenya kwa kisu, akatoa ganda lote la nje mpaka kufikia moyo mweupe ambao haukuguswa na kitu, akazianika, akaanza kugawa. Kuuza hakuuza. Alipita uani kwa watu: huyu ana mtoto mchanga, kipande, yule ana mgonjwa, kipande. Mimi alinipa miche miwili. Nilijua zilikotoka, nikazipokea kwa mikono yote miwili. Majirani wengine hawakujua, na hawakuuliza, maana anayeuliza ndiye anayekosa. Mtaa uling'aa. Shuka zilianikwa zikawa zinapepea nyeupe pepe. Ghafla Chura akawa “kaka Vita”. Watu waliokuwa wakivuka njia wakimwona, sasa walimwita kwa mbali: “Kaka Vita, hujambo? Mama hajambo? Na mimi usinisahau.” Kitwana aliliona povu kwenye mabeseni ya watu, akaelewa. Tangu siku hiyo alipomwona Vitalis aliangalia pembeni.

Mwishoni mwa mwaka ikaja Nguvu Kazi. Asiye na kazi aondoke mjini akalime. Mgambo walikamata watu mitaani, na asiye na kitambulisho cha kazi alitakiwa kuleta barua ya balozi wake inayosema anafanya kazi gani. Barua moja tu, sahihi moja.

Vitalis alikwenda kwa Kitwana mara tatu. Mara ya kwanza karatasi zimekwisha. Mara ya pili muhuri uko ofisini. Mara ya tatu Kitwana akamwambia, “Niandike nini? Nikiandika unatapisha vyoo, wataniuliza vya nani. Utawataja? Subiri, Jumatano maafisa wanakuja wenyewe hapa mtaani. Utajieleza, na sisi wenzako tutakuwapo.”

Jumanne alikuja kwangu, hana raha. “Dada Zamzam, kesho watanisemea kweli?”

“Watakusemea,” nikasema. “Nani mtaa huu hujamfanyia jambo?”

“Nafikiri nikitoka kazini niende hivyo hivyo. Nina shimo la kumalizia asubuhi. Wanione nilivyo.”

Nilimcheka. Ndiyo, nilimcheka. “Kaka Vita, una wazimu? Uende mbele ya serikali unanuka? Watakufukuza kabla hujafungua mdomo. Shimo liache. Oga, mtu wangu. Vaa shati la kanisani.” Nikaingia ndani nikamtolea nusu mche, katika zile zile alizonipa mwenyewe. Nilijiona nimetenda wema mkubwa. Akaipokea kwa heshima kama mtoto anayepewa zawadi ya Idi.

Jumatano meza iliwekwa mbele ya duka. Afisa, karani wake, mgambo watatu, na Kitwana kwenye kiti pembeni na kofia yake mpya. Mtaa mzima ulikuwapo. Vitalis alikuja ameoga hasa, shati jeupe limepigwa pasi, nywele zimechanwa. Hyasinta alikuwa amekaa kibarazani kwao, mbali kidogo, mguu juu ya kigoda. Alituona, asitusikie.

“Kazi yako ndugu?” afisa aliuliza.

“Natapisha mashimo ya vyoo.”

Karani akacheka. Afisa hakucheka. “Lete mikono.”

Vitalis akainyoosha. Afisa akaishika, akaigeuza, akainama akainusa. Akainua uso taratibu.

“Mikono ya mtapisha vyoo hii? Mke wangu ana mwezi wa tano hajui harufu ya sabuni. Mimi ninayekuuliza nimeoga maji ya chumvi. Wewe usiye na kazi umeipata wapi?”

Vitalis angesema neno moja tu, angeokoka. Kitwana alikuwa umbali wa hatua mbili, ameshika magoti yake kwa mikono. Nilimwona Vitalis akimwangalia, kisha akaangalia chini.

“Nilipewa,” akasema.

“Na nani?”

Mimi nilikuwa nyuma ya kikaango changu. Vitalis hakunitazama. Mpaka leo namshukuru na kumlaumu kwa hilo, maana labda angenitazama ningesema. Labda. Najidanganya.

“Balozi,” afisa akageuka. “Unamjua huyu?”

“Namwona akipita,” alisema Kitwana. “Kazi yake siijui.”

“Kuna yeyote hapa aliyewahi kumpa kazi? Anyooshe mkono.”

Watu arobaini tulikuwa pale. Hakuna nyumba hata moja ambayo Vitalis hakuingia shimo lake hadi kiunoni. Lakini atakayesema alimwita, atashitakiwa kwa kufukia uani. Na atakayesema sabuni aliipata wapi, ataulizwa yeye kafulia nini. Na wengine, tuseme ukweli, waliona aibu tu kukiri mbele ya majirani kwamba shimo lao hujaa. Kila mtu akamtazama mwenzake. Asante ya punda mateke, na sisi hata mateke hatukumpa; tulimgeuzia mgongo tu.

“Bi Zamzam?” Kitwana aliniita kwa sauti laini, ya mwenye nyumba. “Wewe uko hapa kutwa. Unamjua?”

Nikasema, “Simjui vizuri.”

Karani akaandika. Nilisikia kalamu. Mgambo wakamshika Vitalis mikono ile ile, wakampandisha kwenye lori lililokuwa limejaa wenzake. Hakupiga kelele. Lori lilipopita mbele ya kibaraza chao, alimwambia mkewe kwa sauti kubwa ili asikie, “Narudi, Hyasinta. Dada Zamzam atakupeleka hospitali.”

Nilimpeleka. Mara mbili. Mara ya tatu ilikuwa siku ya foleni ya unga wa ngano, na bila unga sina kitumbua. Mara ya nne mwenye baiskeli alisema yeye humwazima Vitalis, si mimi. Nilikuwa na sababu kila siku, na kila moja ilikuwa ya kweli. Wiki ya nne Hyasinta alichukuliwa na teksi iliyolipwa na kanisa, akarudi na mguu mmoja.

Kuhusu Vitalis tulisikia yuko shamba fulani mkoani, halafu tukasikia aliugua, halafu hatukusikia tena. Kitwana aliendelea kuwa balozi miaka tisa.

Kaka yake Hyasinta alikuja kutoka Masasi kumchukua. Siku ya kuondoka nilikwenda kumsaidia kufunga vitu vyake: sufuria mbili, shuka, shati jeupe la akiba la mumewe. Alinishika mkono. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kunishika mkono, kwa kuwa sisi tulikuwa hatuwapi.

“Dada Zamzam, siku ile mimi nilikuwa mbali, sikusikia. Nataka nikienda huko nijue. Kuna aliyemsemea mume wangu?”

“Tulimsemea wote,” nikamwambia. “Wakakataa kutusikiliza.”

Akalia, lakini uso wake ulifunguka. “Nilijua,” alisema. “Yeye aliupenda sana mtaa huu. Mungu awalipe nyote kwa mliyomfanyia.”

Nikaitikia amina, nikambebea mzigo wake mpaka kituo cha basi la kusini.